Namna ya Kupata Nukta Inapokatana Mistari Miwili Iliyonyooka

Mistari miwili iliyonyooka isiyo sambamba hukatana katika nukta moja tu, na kuipata nukta hiyo ni kutafuta thamani za x na y zinazotimiza milinganyo yote miwili kwa pamoja. Tuchukulie mfano wa kiwanja cha Nzuguni, jijini Dodoma, ambacho bikoni yake ya pembeni (alama ya mpaka inayosimikwa ardhini) inapaswa kusimama pale mipaka miwili inapokatana. Tuhesabu x kuelekea mashariki na y kuelekea kaskazini, kipimo kimoja kikiwa mita 100, na mipaka iwe hii:

2x + 3y = 7 … (i)
5x − 2y = 3 … (ii)

Kwanza hakikisha kwamba mistari inakatana. Zidisha kimsalaba namba zilizo mbele ya x na y: 2 × (−2) ni −4, na 5 × 3 ni 15. Majibu haya yangelingana, mistari ingekuwa sambamba au ingelaliana, na kusingekuwa na nukta moja ya kutafuta.

Ni rahisi zaidi kuiondoa y, kwa sababu alama zake zinapingana. Zidisha (i) kwa 2 na (ii) kwa 3, bila kuisahau namba iliyo upande wa kulia, kwani hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea:

4x + 6y = 14
15x − 6y = 9

Ukijumlisha unapata 19x = 23, yaani x = 23/19. Rudisha thamani hiyo katika (i): 3y = 7 − 46/19 = 87/19, hivyo y = 29/19.

Uhakiki ufanyike katika (ii), wala si katika (i), kwa kuwa y imetokana na (i) yenyewe na ingekubaliana nayo hata kama x ingekuwa na kosa. 115/19 − 58/19 = 57/19 = 3, na jibu limethibitika.

Grafu inafaa kuchorwa, kwa kuwa huonyesha upesi nukta iko upande gani, lakini isiachiwe kutoa jibu la mwisho. Anayesoma kwenye karatasi ya miraba ataona takribani 1.2 na 1.5, ilhali hesabu inatoa mita 121.05 mashariki na mita 152.63 kaskazini; hivyo, kwa upande wa kaskazini pekee, bikoni ingekosea kwa zaidi ya mita mbili na nusu, na jirani angekuwa na haki ya kulalamika. Kwa hiyo baki na sehemu, kama 23/19, hadi hatua ya mwisho, ndipo uzigeuze kuwa desimali.