Ukikuta shimo la muhanga shambani usikimbilie kulifukia

Swali ninaloulizwa sana ni hili, bwana shamba kuna mnyama kachimba shimo kubwa pembeni ya shamba langu, nimtege au nimfukie humohumo? Subiri kwanza. Kama mdomo wa shimo ni mpana kiasi cha kupitisha ndoo kubwa, na vichuguu vya jirani vimebomolewa upande mmoja, huyo ni muhanga na wala hana habari na mahindi yako. Chakula chake ni mchwa na sisimizi. Ana kilo 40 mpaka 65 hivi, ulimi wa kama sentimita 30 wenye mate ya kunata, na anatoka usiku, ndo maana unaweza kuishi nae kijiji kimoja miaka na miaka usimuone hata siku moja.

Sasa tusidanganyane, muhanga hakumalizii mchwa. Anabomoa kichuguu, anakula kidogo, anahamia kingine, na mchwa wanaziba wanaendelea na maisha yao. Anawapunguza tu, bure, kila usiku, iliyobaki ni kazi yako.

Na hapo ndo wengi tunakosea. Mchwa anapenda kilichokauka au kilichochoka, we mahindi yameshakauka unayaacha shambani wiki tatu zaidi eti yakauke vizuri, yanaanguka, ukija unakuta magunzi na udongo. Vuna kwa wakati umalizie kukausha kwenye turubai au kichanja. Mabua nayo usichome yote, maana ukifagia shamba likawa jeupe umemuachia mchwa kitu kimoja tu cha kula, mmea wako! Samadi iwe imeiva, miche ya miembe imwagiliwe kiangazi isichoke, na matandazo yasigusane na shina. Kichuguu kikiwa katikati ya shamba na kinakusumbua kweli, chimba mpaka chumba cha malkia umtoe, kupasua juujuu ni kujichosha, mvua mbili tu kimerudi.

Dawa za sumu usimwage kwenye vichuguu vya mpakani na porini. Hapohapo anakula muhanga, anakula kakakuona, anakula bweha masikio, na kuku wako pia. Halafu mvua za kwanza kumbikumbi wakiruka watoto wanaenda kuokota kwenye kichuguu hichohicho ulichomwagia, umefikiria hilo?

Kuna na fisi mdogo, yule mwembamba mwenye mistari, huyu anaonewa sana jamani. Mbuzi akipotea anasingiziwa yeye, wakati magego yake ni vijino vidogo vya kulambia mchwa, nyama ya mbuzi ataitafuna na nini? Usiku mmoja anaweza kulamba mchwa laki mbili na zaidi.

Turudi kwenye shimo. Kama liko njia ya trekta au ng'ombe wanapita hapo, hatari ipo kweli, mnyama anavunjika mguu. Jioni simamisha vijiti vyepesi mdomoni mwa shimo, asubuhi angalia, fanya hivyo siku tatu nne, vikikaa vilevile fukia. Vikiangushwa weka alama ya miti mirefu kuzunguka ili dereva aone, muhanga ana mashimo mengi atahama mwenyewe. Ila usisimame mbele ya mdomo wala kuingiza mkono, ngiri na nungunungu wanapenda kupanga humo, na ngiri akitoka anatoka mbio na meno mbele.

Kakakuona ni habari nyingine. Wazee wetu wanamuita Bwana Mheri, anawekewa jembe, mkuki, maji na nafaka aonyeshe mwaka utakuwaje. Sipingani na wazee, ila kumshika siku nzima watu wamemzunguka anaweza kufa kwa mshtuko, na kumuua au kuuza magamba yake ni kesi kubwa, biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 2017. Ukimkuta shambani muache apite, akiwa ameumia mpigie afisa wanyamapori. Na wenye fensi ya umeme, ule waya wa chini kabisa uinueni au muuzime usiku, kwa sababu kakakuona akipigwa shoti hakimbii, anajikunja na kuukumbatia waya, na anapigwa hivyohivyo mpaka anakufa.