Kuweka nyumba wakfu: kazi ya mweka wakfu kabla ya kutia saini

Wengi wanaokuja ofisini kwangu Mombasa kuweka nyumba wakfu, yaani kuitoa kwa ajili ya Mungu ili faida yake iwaendee waliotajwa, huanza kwa kuuliza watausimamia vipi wakfu wao baadaye. Huwarudisha nyuma. Kazi ya mweka wakfu ni kubwa, lakini karibu yote huisha siku anapotia saini. Baada ya hapo nyumba haiuzwi, hairithiwi, haiwekwi rehani, na yeye mwenyewe hawezi kubadili nia. Kinachobaki kumsemea ni hati. Mafakihi, wanachuoni wa sheria ya dini, wamesema sharti la mweka wakfu ni kama andiko la Sheria.

Nafuata madhehebu ya Shafi, yaliyo ya wengi pwani yetu. Kama wewe ni wa madhehebu mengine, pitia kwa mwanachuoni wenu kwanza, maana baadhi ya hukumu zinatofautiana.

Hatua ya 1: Hakikisha mali ni yako, na wewe ni mzima

Leta hati ya nyumba, risiti za ardhi na karatasi za mirathi kama zipo. Nyumba ya marehemu baba ambayo haijagawanywa si yako peke yako. Fungu lako unaweza kuliweka wakfu hata kabla halijatengwa, lakini huwezi kuweka la dada yako kwa sababu tu alinyamaza.

Mombasa kuna jambo jingine: nyumba bila ardhi. Jengo ni lako, kiwanja ni cha mtu unayemlipa kodi. Wakfu wa jengo lililo juu ya ardhi ya kukodi unasihi, yaani ni sahihi, ila ukae ukijua kwamba mwenye ardhi akikataa kuendelea, jengo halina pa kusimama. Mtu mwenye nyumba mbili namshauri aweke ile yenye ardhi yake.

Fanya haya ukiwa na afya. Wakfu unaowekwa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia: hauvuki thuluthi ya mali mpaka warithi waridhie, na ukiwa kwa mmoja wa warithi, idhini ya wengine inatakiwa hata kama ni ndani ya thuluthi. Nimeona wazee wakingoja hadi wako kitandani, na nia nzuri ikageuka kesi baina ya watoto.

Hatua ya 2: Amua nani atafaidi, mpaka mwisho wa mlolongo

Kwa Shafi, huwezi kujiwekea wakfu mwenyewe. Sharti la "nitaishi humo mpaka nife, kisha iwe ya madrasa" linaharibu wakfu wenyewe. Ukitaka kubaki ndani, andika wakfu wa wasia, utakaoanza ukishafariki. Huo unaingia katika thuluthi, na unaweza kuubatilisha ukiwa hai.

Wakfu wa msikiti au mayatima ni mwepisi kuandika. Wakfu wa kizazi ndio unaohitaji subira. Ukiandika "watoto wangu na watoto wao", je, wajukuu wa upande wa mabinti wamo? Lugha inawaingiza, kama huwataki au unawataka, sema wazi. Mwana mmoja akifa, fungu lake linashuka kwa watoto wake au linabaki kwa ndugu zake? Kizazi cha chini kinangoja cha juu kiishe, au wanakula pamoja? Jibu kila swali kwa sentensi yake.

Na kizazi kikikatika, itaje jihati isiyokatika, yaani wa kufaidi wasioisha, kama vile mafakiri wa mji. Hili lina historia chungu. Mwaka 1894, katika kesi kutoka Bengal, majaji wa Privy Council, mahakama ya juu ya rufaa ya makoloni mjini London, waliukataa wakfu wa kizazi kwa hoja kwamba fungu la mafakiri lilikuwa mbali mno. Hoja hiyo ikafuatwa Afrika Mashariki, na familia za pwani zikapoteza wakfu ambao wazee wao waliuweka kwa kufuata dini yao sawasawa. India ilirekebisha kwa sheria mwaka 1913; Kenya ikangoja mpaka 1951.

Hatua ya 3: Chagua mutawali (msimamizi wa wakfu), na atakayemfuata

Jina moja halitoshi, kwa sababu watu hufa. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipoweka wakfu ardhi yake ya Khaybar, usimamizi aliuacha kwa binti yake Hafsa muda wote wa uhai wake, kisha kwa wenye rai njema katika jamaa zake. Mfuate katika hilo: taja mtu, kisha taja namna ya kumpata mwingine. Mfuate pia katika kumruhusu mutawali kula kwa wema, yaani kwa kiasi, katika pato la wakfu. Andika ujira wake. Usipotaja mutawali, jambo linarudi kwa kadhi.

Unaweza kujiteua wewe, mradi ulitaje ndani ya hati. Lakini hapo unashika kodi kama msimamizi, si kama mwenye nyumba.

Hatua ya 4: Andika masharti yatakayoishi kuliko wewe

Usitaje kiasi cha pesa. Aliyeandika zamani "rupia kumi kila mwezi kwa mafuta ya taa za msikiti" aliacha sharti lenye sarafu iliyokufa na taa zisizowashwa tena. Andika mafungu: robo kwa msikiti, robo tatu kwa madrasa. Kabla ya mafungu yote, matengenezo ya nyumba yalipwe kwanza. Eleza pia kiwanja kifanyweje jengo likianguka, kwa kuwa ardhi inabaki wakfu hata ikiwa tupu.

Hatua ya 5: Tamka, shuhudisha, sajili

Tamko liwe wazi: "Nimeiweka nyumba hii wakfu." Maneno kama "nimetoa sadaka" peke yake yanaleta ubishi. Mashahidi wawili wenye umri mdogo kuliko wako watafaa zaidi. Hati ikishatiwa saini, ipeleke kwa kamisheni ya wakfu Mombasa, au kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ukiwa Zanzibar, kisha ofisi ya ardhi. Hii ya mwisho ndiyo watu huiacha. Jina lako likibaki kwenye hatimiliki, mjukuu asiyejua lolote ataiuza nyumba, na mnunuzi hatakuwa na njia ya kujua.

Hatua ya 6: Itoe mkononi

Waite wanao wote na uwasomee hati wewe mwenyewe, wausikie wakfu kwa sauti yako. Mpe mutawali nakala na funguo. Siku hiyo hiyo waandikie wapangaji kwamba kodi ya mwezi ujao inaingia akaunti ya wakfu.