Kabla ya kuchora lebo ya juisi, nenda kakae kwa Mangi

Lebo yangu ya kwanza ya juisi niliichora ya njano, embe kubwa katikati. Kwenye kompyuta ilipendeza kweli. Mteja, mama mmoja wa Mbagala anayekamua embe na ukwaju nyumbani kwake, akalipa, tukachapa elfu moja. Wiki iliyofuata nikaenda dukani kuitazama, nisiione. Ilikuwemo kwenye friji, ila juisi za embe zote mle zilikuwa za njano. Mimi niliyeichora ikabidi nionyeshwe kwa kidole.

Siku hizi naanzia dukani. Tafuta kwa Mangi ambako friji inafunguliwa kila dakika, nunua soda yako, omba ruhusa, kaa kuanzia saa saba mchana jua linapochoma. Kwenye daftari andika maneno ya wanunuzi kama yanavyotoka: "nipe ya embe", "ile ya buku", "ile yenye kifuniko cha kijani". Jina la kinywaji hutajwa mara chache kuliko tunavyojidanganya sisi wachoraji. Baada ya kusikia vifuniko vikitajwa mchana kutwa, nilimwambia mama abadili kifuniko kwanza, lebo itafuata. Sijawahi kulipwa kwa kazi nyepesi kama ile.

Halafu piga picha ya friji ikiwa imefungwa, ukiwa hatua tatu nyuma, na ukungu wake kwenye kioo. Ichapishe, bandika juu yake lebo yako ndogo ya majaribio, kunja macho uitazame. Ikizama, badili rangi. Lakini kama kinywaji kina wateja tayari, uliza kwanza wanakitambua kwa kitu gani. Mwaka 2009 Tropicana, kampuni ya juisi ya Marekani, iliondoa kwenye boksi lake chungwa lililochomekwa mrija. Mauzo yakaporomoka kwa karibu asilimia 20 ndani ya miezi miwili, chungwa likarudishwa.

Nunua vinywaji vitano vya washindani na usome mgongoni: viambato, ujazo, tarehe, alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Hapo ndipo utajua kipi ni juisi na kipi ni maji, sukari na ladha. Kiwango cha mwaka 2005 cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula, kinatenganisha juisi na nekta (tunda lililoongezwa maji), na nekta ya embe inatakiwa iwe na angalau asilimia 25 ya tunda. Mteja akiwa na ladha tu, mimi simchorei embe lililokatwa linalodondosha maji. Tumeshagombana na watu kwa hilo.

Sampuli ya lebo ichape kwa ukubwa wake halisi, ibandike kwenye chupa, itumbukize kwenye ndoo ya barafu kama ya machinga wa kituoni. Iache saa nzima, kisha isugue kwa kidole gumba. Karatasi ya kawaida itachubuka kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Stika ya plastiki ni ghali kidogo, ila inabaki.

Bango lina adui mwingine, jua. Tembea barabarani uangalie mabango ya zamani: mengi yamebaki bluu, kwa sababu wino mwekundu na wa njano ndio hupauka kwanza. Na hizo ndizo rangi za embe. Muulize mchapaji wino wake unahimili jua kwa muda gani, na kama anaweza kuweka leminesheni, ule utando wa plastiki wa juu. Maneno yawe machache, maana msomaji wako yuko dirishani kwenye daladala.

Bango la ukwaju nililitundika ng'ambo ya kijiwe chetu, nikamuuliza bodaboda mmoja ameona nini. "Ukwaju, buku," akajibu. Jina la kinywaji cha mama hakuliona kabisa. Jina nimelipandisha juu ya chupa, na kesho narudisha bango palepale kumuuliza mwingine.