Kabla hujajaza gesi ya AC, shika mabomba kwanza

Wengi wanaoniletea gari lisilopoza huja na dawa yao mkononi: "Fundi, niongezee gesi." Mimi huwaambia wawashe gari kwanza, tufungue boneti. Gesi ya AC si petroli, haichomwi. Inazunguka humo humo ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua mpaka gari likashindwa kupoza, kuna mahali inavuja, na ukijaza bila kuziba umeitupa.

AC haitengenezi baridi, inahamisha joto. Kompresa huigandamiza gesi mpaka inapata moto. Gesi hiyo inaingia kwenye kondensa, ile inayokaa mbele ya rejeta, upepo unaondoa joto nayo inageuka kimiminika. Kisha inapenyezwa kwenye tundu jembamba la vali, mgandamizo unashuka ghafla, na inaanza kuchemka ndani ya evaporeta nyuma ya dashibodi. Usishangae kusikia kuchemka: gesi ya R134a, ikiwa kwenye mgandamizo wa kawaida wa hewa, huchemka nyuzi 26 chini ya sifuri. Ili ichemke inanyonya joto la hewa inayopulizwa na feni. Unyevu wa hewa hiyo hugeuka maji, ndiyo yale yanayodondoka chini ya gari. Hayo ni salama. Yakilowesha zulia ndani, tundu la kutolea maji limeziba.

Sasa jaribu. Injini ikiunguruma, weka AC kwenye baridi ya mwisho na feni juu. Kwenye kompresa yenye klachi (kishikio kinachoiunganisha na mkanda wa injini) utasikia "ta!" inaposhika. Kaa mbali na mkanda na feni, halafu gusa mabomba mawili yanayoingia ndani kwa ncha ya kidole. Jembamba liwe la moto au vuguvugu. Nene liwe baridi, tena limetoa jasho. Yakilingana, ama kompresa haisukumi ama gesi imekwisha. Tafuta mafuta yaliyoshikana na vumbi kwenye maungio: mafuta ya kompresa husafiri na gesi, kwa hiyo pale penye mafuta ndipo panapovuja.

Bomba nene likiwa baridi na ndani bado kuna joto, acha kuisingizia gesi. Angalia filta ya hewa ya ndani. Nimezitoa zimejaa majani kama kiota. Ikipoza barabarani lakini foleni ikiishinda, feni ya kondensa ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza.

Hita ni rahisi zaidi. Kwenye gari la injini, maji ya rejeta yanayofika nyuzi 90 hivi hupitishwa kwenye rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi. Joto hilo lingetupwa nje hata hivyo. (Gari la umeme halina joto hilo la bure, linatumia betri.) Hita ikipuliza baridi injini imeshapata moto, angalia maji yamepungua au themostati (vali inayoongoza maji ya injini) imekwama wazi; mfuniko wa rejeta usiufungue mpaka injini ipoe. Ukisikia harufu tamutamu na kioo kikaingia utando kama wa mafuta, rejeta hiyo ndogo inavuja.

Kwenye magari mengi hewa baridi na ya moto huchanganywa na kibao kinachocheza ndani, kwa hiyo AC na hita zinaweza kufanya kazi pamoja. Kioo kikipata ukungu washa zote mbili: AC inakausha hewa, hita inapasha kioo. Chukua hewa ya nje, usizungushe ya ndani.

Ikibidi kujaza, soma kibandiko kwenye boneti: aina ya gesi na gramu zake. R134a na R1234yf hazichanganywi, na gesi ikizidi gari halipozi vilevile. Fundi anayejaza kwa kukisia, bila mizani, mnyime funguo.