Somo: Panya wako anachagua chakula? Anza kwa kupunguza, si kuongeza

Wakuu, habari zenu. Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu panya wa kufuga ni hili: "Nimemwekea kila kitu, anachukua alizeti na karanga, vingine hagusi. Nimwongezee nini?" Jibu langu huwaudhi wengi: usimwongezee kitu. Mpunguzie. Panya anayechagua mara nyingi ni panya aliyekwisha kushiba vinono, na bakuli linajazwa tena kabla hajapata sababu ya kugusa vilivyobaki.

Somo hili ni la panya wadogo wa kufugwa, weupe au wa rangi, wale wa gramu 20 hadi 40. Si la panya buku wala simbilisi. Na asiwe panya uliyemnasa stoo. Wale wana maradhi yao, ikiwemo homa ya mgunda iliyosumbua Lindi mwaka 2022.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kama kweli hali

Panya mzima hula gramu 3 hadi 5 tu za chakula kikavu kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Tena hula zaidi usiku, wewe umelala. Ukiangalia bakuli mchana utaapa hajagusa kitu.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza ni makapi: panya humenya mbegu, hula kiini na kuacha maganda palepale, hivyo bakuli linaonekana limejaa kumbe ni takataka tupu. Puliza juu ya bakuli uone kitakachobaki. Wa pili ni akiba. Panya hubeba chakula na kukificha, kwa hiyo fukua taratibu kwenye maranda, kona za tundu na pembeni ya kiota. Utakuta ghala zima.

Kipimo cha kuaminika ni uzito. Nunua mzani wa dijitali wa jikoni unaosoma gramu mojamoja, mtie panya kwenye kopo refu, mpime kila wiki siku ileile na saa ileile, kisha andika. Kwa panya wa gramu 30, kupungua gramu 3 ni sehemu ya kumi ya mwili wake, na hilo si la kusubiri. Lakini kama uzito umesimama palepale mwezi mzima, panya wako anakula. Tatizo ni anakula nini, na hilo tunaliweza.

Hatua ya 2: Maji, halafu meno

Kabla hujalaumu chakula, gusa gololi ya chupa ya maji kwa kidole. Tone litoke. Gololi ikikwama au hewa ikiziba, panya hapati maji, na panya asiye na maji huacha chakula kikavu. Watu hubadilisha chakula mara tatu, nne, kumbe kiu ndiyo inayomsumbua. Mimi hupenda kuweka chupa mbili, au chupa moja na kibakuli kizito kisichopinduka.

Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, na rangi yake ya manjano ni ya kawaida, usishtuke. Yakipishana, yakipinda au moja likivunjika, panya hushindwa kutafuna. Dalili zake: anaokota chakula na kukiangusha, kidevu kimelowa mate, anataka laini tu. Huyo hachagui, anaumwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo akayakate. Usijaribu na mkasi wa kucha nyumbani, jino huweza kupasuka hadi kwenye mzizi.

Hatua ya 3: Angalia joto la chumba

Hili halitajwi sana kwetu, kwa sababu maelekezo mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Panya ana mwili mdogo unaopoteza joto haraka. Kiwango cha joto ambacho mwili wake hauhitaji kuchoma chakula cha ziada ili kujipasha ni karibu nyuzi 30. Akikaa kwenye nyuzi 20 au 22, sehemu kubwa ya anachokula inakwenda kwenye kujipasha.

Maana yake nini? Panya wa Dar au Mombasa mwezi wa pili, chumba kisicho na feni, atakula kidogo kuliko panya wa Njombe mwezi wa saba, na wote wawili ni wazima. Ukimlinganisha wa kwako wa Temeke na kipimo cha Uingereza utaona "hali", utaanza kumbembeleza kwa karanga, na hapo ndipo umemfundisha kuchagua. Joto likipanda mpe chakula jioni baada ya magharibi, na hamishia tundu mahali penye kivuli na hewa.

Hatua ya 4: Chagua chakula kimoja cha msingi

Kilicho bora ni peleti za panya wa maabara, kwa sababu kila punje ni sawa na nyingine. Hakuna cha kuchagua. Tafuta zenye protini kati ya asilimia 14 na 18. Ukizipata, somo lako limekwisha nusu.

Kwa wengi wetu hazipatikani, na peleti za sungura wanazouza maduka ya pembejeo si mbadala: zina nyuzinyuzi nyingi na nguvu kidogo. Chakula cha vifaranga nacho mara nyingi kimechanganywa dawa ya koksidiosisi (ugonjwa wa kuhara wa kuku), kiache. Basi tunachanganya wenyewe. Mchanganyiko wangu ni huu, kwa vijiko: vitatu vya oti, viwili vya uwele, viwili vya mtama, kimoja cha ngano nzima, kimoja cha mahindi yaliyobarazwa, nusu kijiko cha ufuta au mbegu za maboga. Alizeti na karanga hazimo. Si kwamba ni mbaya, zinakaa kwenye kopo lake la zawadi.

Protini itoke pembeni: kipande cha yai la kuchemsha ukubwa wa njegere mara mbili kwa wiki, au dagaa mmoja mkavu. Chagua dagaa wako. Wa Zanzibar huchemshwa na chumvi kabla ya kuanikwa, hao hawafai. Wa Ziwa Victoria hawana chumvi lakini wengi huanikwa chini, kwa hiyo waoshe mchanga utoke kisha uwakaushe. Kumbikumbi wakavu nao ni wazuri sana, na sijaona panya aliyewakataa.

Msiniulize kuhusu ugali. Tonge dogo la dona halimdhuru, lakini si mlo.

Hatua ya 5: Pima, tawanya, usijaze

Hapa ndipo kazi ilipo. Kila jioni mpe kijiko kimoja cha chai cha mchanganyiko kwa panya mmoja, basi. Usiweke bakulini, tawanya kwenye maranda. Panya ni mtafutaji. Chakula cha kutafuta humshughulisha usiku kucha na anakula anachokipata kwa mpangilio anaokutana nacho, badala ya kukaa mbele ya bakuli akichambua kama mama anayechagua mchele.

Kesho yake kabla ya kuongeza, angalia. Kama ameacha mtama na uwele, usiongeze oti ili kumfidia. Mpe kijiko kilekile, pungufu kidogo. Siku chache zitapita naye atarudi kwenye alivyoviacha.

Tahadhari, na hii naomba isomwe mara mbili: kupunguza si kumshindisha njaa. Mwili wa panya hauna akiba ya kungoja. Tundu lisikae tupu bila chakula chochote, na panya ambaye hajala kabisa siku nzima anahitaji daktari, hahitaji nidhamu. Mpime kila siku ya pili wakati wa zoezi hili, na ukiona anashuka, mrudishie chakula cha zamani kwanza.

Hatua ya 6: Kuleta chakula kigeni

Panya hawezi kutapika. Akimeza kibaya, kimemezwa. Kwa hiyo ana haki ya kukishuku kitu asichokijua, na wewe usimkasirikie. Weka kipande kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, cha karoti, tango, mchicha au sukuma wiki, karibu na kiota. Asubuhi kiondoe hata kama hajakigusa, kisioze. Rudia kesho na keshokutwa. Wengi hunusa siku ya kwanza, huonja baadaye. Majimaji yasizidi, la sivyo utaona kinyesi kimelegea.

Ukiwa na panya zaidi ya mmoja una bahati. Mtafiti Bennett Galef wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, alionyesha kwa panya wakubwa wa maabara kwamba panya akinusa pumzi ya mwenzake aliyetoka kula chakula fulani, naye hukipenda chakula hicho. Panya wadogo wana tabia hiyohiyo. Mtoe yule mlafi, mlishe mchicha pembeni, mrudishe. Wenzake watamnusa mdomo, na kesho mchicha si mgeni tena.

Hatua ya 7: Visivyoingia tunduni

Chokoleti, pombe, vitunguu, maharage makavu yasiyopikwa, muhogo mbichi, kiazi chenye rangi ya kijani au machipukizi, mbegu za tufaha. Na kitu chochote chenye ukungu. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Karanga iliyosinyaa usimpe panya kwa kuwa wewe umeikataa.

Zawadi ni mbegu moja ya alizeti au nusu karanga, kutoka mkononi mwako, mara chache kwa wiki. Zawadi inafanya kazi ikiwa adimu. Wale panya buku wa Morogoro wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini hupewa ndizi na karanga, lakini baada ya kazi. Magawa, mmoja wao, aliyepata mwaka 2020 medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la Uingereza linalotibu wanyama, hakuwekewa bakuli la karanga achezee.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Muscat): Shikamoo mwalimu. Mimi niko Oman, AC inawaka usiku na mchana. Panya wangu anamaliza vijiko viwili na bado anatafuta. Nimpunguzie?

Jibu: Marahaba. Rudi hatua ya 3. Chumba chako kina baridi ya Ulaya. Mpe karatasi laini nyingi za tishu ajenge kiota kinene, hamisha tundu lisipigwe na upepo wa AC, kisha angalia mzani. Kama haongezeki uzito, anachokula anakihitaji, mwache.

Swali (Nakuru): Supermarket hapa wanauza mix ya hamster yenye vipande vya rangi rangi. Panya anakula vya njano tu. Nitupe?

Jibu: Usitupe, umelipia. Changanya robo yake kwenye nafaka za kawaida mpaka iishe, ukitoa vile vipande vitamu. Rangi ni ya kumfurahisha mnunuzi, panya haoni tofauti kubwa. Anachofuata ni mafuta na utamu.

Swali (Arusha): Daktari katoa dawa ya maji kwa kifua. Nimeichanganya kwenye oti, sasa hata oti hataki! Alikuwa anazipenda.

Jibu: Pole dada. Panya akiunganisha ladha na kuumwa, huiacha ladha hiyo muda mrefu. Dawa isiwekwe kamwe kwenye chakula cha msingi. Weka tone kwenye ndizi iliyopondwa, kiasi cha kichwa cha kiberiti, ukiwa umemshika ili ujue amemaliza. Oti ziondoe kabisa wiki kadhaa, ziba pengo kwa uwele na ngano, kisha zirudishe punje mbili tatu.

Swali (Kigoma): Jike langu lina watoto wa siku kumi. Naye nimpimie kijiko?

Jibu: Hapana, hapana. Huyo kanuni zote za kupunguza hazimhusu. Mwachie chakula muda wote, yai kila siku, maji mengi. Watoto huachishwa wakiwa na wiki tatu hivi, na wanaanza kuonja chakula cha mama yao kabla ya hapo, kwa hiyo ukitaka kizazi kisichochagua, mpe mama aina nyingi sasa.

Swali (Dar): Mkuu samahani, sisi huku tunanunua sumu ya panya, nyie mnawapikia mayai?

Jibu: Haha, karibu sana mkuu. Hata hao wauza sumu wanamjua panya vizuri. Sumu nyingi za dukani huzuia damu kuganda na huua baada ya siku kadhaa, ili panya asijue ni chakula kipi kilichomdhuru na aendelee kukila. Ingeua papo hapo, waliobaki wangekiacha. Ila kama una mpango wa kutega nyumba inayofugwa panya, usiweke sumu kabisa. Punje moja ikibebwa na mende au mtoto hadi tunduni, imekwisha. Tumia mtego wa chuma, uweke mbali na chumba chenye tundu.