Mpira wa mashine ya kufulia: ukague kabla haujakupasukia

Mama mmoja wa Sinza alinipigia simu alfajiri. Alikuwa amelala msibani Kibaha. Usiku maji ya mgao yakarudi kwa kishindo, mpira wa kuingizia maji nyuma ya mashine ya kufulia ukapasuka, na jirani wa chini akaamshwa na maji yanayochuruzika kwenye tundu la taa. "Fundi, mbona mashine niliizima?" Mashine aliizima kweli, ila koki aliiacha wazi. Ukizima mashine, inayojifunga ni valvu ya ndani ya mashine. Mpira wenyewe unabaki na presha usiku na mchana, uwepo usiwepo.

Kazi hii haifiki hata saa moja. Tafuta spana, ndoo, tochi ya simu na tishu kavu.

1. Chomoa umeme, funga koki. Koki ikigoma kuzunguka, usiilazimishe. Ikivunjikia ukutani umejitafutia kazi nyingine kubwa zaidi. Funga ya mita au ya simtanki, kisha hiyo iliyogoma ibadilishwe.

2. Vuta mashine mbele, pitisha vidole kwenye mpira wote. Chunguza hasa pale unapoingia kwenye nati, maana ndipo unapoanzia kuchoka. Uvimbe hata wa ukubwa wa punje ya maharage, ufa, au sehemu iliyolainika: tupa. Usiufunge kwa selotepu wala ukanda wa tyubu. Ukiona utando mweupe au wa kijani kuzunguka nati, hapo pamekuwa pakivuja kidogo kidogo na maji yanakauka kabla hujayaona. Kwa sisi wa visima vya maji ya chumvi, utando huo unakuja mapema sana.

3. Weka ndoo, fungua nati, tazama washa, ile pete ndogo ya mpira. Hapa ndipo wengi wanapokosea, mafundi wakiwemo. Kwenye mpira wa mashine kinachozuia maji ni ile washa ya ndani ya nati. Uzi, ile mistari inayozunguka ya kufungia nati, kazi yake ni kukaza tu. Kwa hiyo kuzungusha tepu nyeupe kwenye uzi hakusaidii kitu kama washa imekuwa ngumu au imebonyea upande mmoja. Badilisha washa. Pale maji yanapoingilia kwenye mashine kuna kichujio kidogo. Kitoe taratibu kwa koleo, ukisugue kwa mswaki wa zamani.

4. Rudishia kwa mkono kwanza. Izungushe nati kinyume kidogo mpaka uisikie ikidondokea kwenye njia yake, ndipo uanze kukaza. Ukianza na spana, uzi unapandana na hutajua mpaka maji yaje. Mkono ukifika mwisho, ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Nati ya plastiki iishie kwenye mkono.

5. Fungua koki polepole, kisha funga tishu kavu kwenye kila nati. Jicho halioni unyevu mdogo, tishu inauonyesha. Fua mzigo mmoja mzima ndipo uikague.

6. Rudisha mashine, ila iachie nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Mpira uliobanwa ukakunjika hupasukia kwenye kunjo.

Mpira wa kutolea maji machafu hauna presha kubwa, shida yake ni kuchomoka wakati mashine inakamua. Ufunge vizuri kwa kamba ya plastiki.

Ukinunua mpya, chukua uliosukwa kwa waya wa chuma kisichoshika kutu. Unavumilia zaidi, ingawa nao una adui: jiki na dawa za choo. Chupa hizo usizipange chini ya sinki karibu na mipira, zinakula waya kimyakimya. Bandika kipande cha tepu karibu na koki, uandike mwezi na mwaka uliofunga. Ikifika miaka 5 badilisha, hata kama unang'aa.

Ukiwa na spana mkononi, ingia na chooni ukatazame mpira wa shatafu. Watu wanaachia kidude cha mkononi wakidhani wamefunga maji, kumbe mpira umejaa presha hadi mtu mwingine aje. Funga koki yake ya ukutani kila ukimaliza, na uwafundishe watoto vilevile.