Kuteua mawakala wa kuhesabu kura

Kabla ya kuandika jina lolote, muulize msimamizi wa uchaguzi: mgombea anaruhusiwa mawakala wangapi (watu wa kumwakilisha na kuangalia kura zikihesabiwa), mwisho wa kuwasilisha majina ni lini, na kura zitahesabiwa vituoni au kwenye ukumbi mmoja? Hilo la tatu ndilo linaloamua idadi. Vituoni, weka wakala mmoja kila kituo. Ukumbini, mmoja kila meza. Meza 20 zinataka watu 20 na akiba wawili au watatu. Sheria ikiruhusu, majina ya akiba yawasilishwe pamoja na ya wenzao, kwa kuwa usiku wa kuhesabu hakuna atakayepokea jina jipya.

Uteuzi ufanywe kwa maandishi. Barua itaje jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, na kituo au ukumbi, kisha itiwe saini na mgombea au mtu mwingine anayetambuliwa na sheria. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Herufi moja ya jina ikikosewa, au kituo kikiandikwa kingine, wakala anaweza kurudishwa mlangoni. Panapotakiwa kiapo cha kutunza siri, aapishwe mapema na aende na fomu yake.

Mteue mtu mtulivu, mwenye macho mazuri, anayejua kujumlisha. Mpiga debe hodari wa kampeni mara nyingi hafai: atagombana na karani, atolewe nje, na meza ibaki bila mtu wako.

Katika mafunzo, hesabu ya karatasi ndiyo ipewe muda mrefu zaidi. Tuseme kituo kilipokea karatasi za kura 500. Zilizobaki bila kutumika ni 187, na 4 ziliharibika zikabadilishwa. Sandukuni zinapaswa kuwemo 309. Wagombea wakipata 172 na 126, jumla ni 298. Kura zilizokataliwa lazima ziwe 11. Zikizidi au kupungua, wakala aulize hapo hapo, kabla matokeo hayajatangazwa. Kwa hiyo awe ameandika namba za lakiri (vifungio vya sanduku) na idadi ya karatasi tangu mwanzo. Asiyekuwa na tarakimu hizo hana cha kulinganishia.

Wakati wa kuhesabu, akae mahali anapoona uso wa kila karatasi, bila kuigusa. Aangalie mafungu: fungu linaloitwa la 50 linaweza kuwa na 48, au karatasi ya mgombea mwingine ikawa katikati. Kura ikitaka kukataliwa, aombe kuiona na kuelezwa sababu. Akipinga, aseme kwa sauti ya kawaida na aombe pingamizi liandikwe, kwa maana pingamizi la mdomo tu ni vigumu kulithibitisha baadaye mahakamani.

Asitie saini fomu tupu, wala fomu ambayo tarakimu na maneno havilingani. Akikataa kusaini, aandike sababu. Kususa na kuondoka kwa kawaida hakubatilishi matokeo, bali kunakunyima shahidi. Akisaini, achukue nakala.

Mpe maji, chakula, kalamu mbili, tochi na nauli ya kurudi usiku. Anayetoka kutafuta chakula huenda asiruhusiwe kuingia tena, na sanduku halitamsubiri.